Swali la Baba Mdogo

Harusi ya Rehema imepita salama, umeme umerudi na ripoti yangu imepokelewa, lakini kichwani limebaki swali moja la Baba Mdogo. Tulikuwa barazani baada ya chakula, nami nikimweleza ninavyoitoa asidi ya laktiki kwenye majimaji ya uchachushaji: nachanganya trioktilamini (amini, yaani kemikali inayoshika asidi) na oktanoli, kiyeyusho kisichochanganyika na maji, namimina mchanganyiko huo humo, natikisa, matabaka mawili yanajitenga, na asidi inahamia tabaka la juu ikiwa imeshikwa na amini, kisha naiosha kwa maji ya moto mpaka iachiliwe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, unaitoa kwenye maji ili uirudishe kwenye maji?"

Nilimjibu kwamba maji ya kwanza yana sukari, protini na chumvi, na ya pili ni safi. Jibu lilikuwa la kweli, naye akaitikia kwa kichwa, ila mimi sikutosheka nalo. Unaitoa ili uirudishe. Usiku nikaikumbuka sauti yake, na asubuhi kwenye daladala nikamjibu tena kimoyomoyo: njia ya zamani hutumia chokaa na asidi ya salfuriki, na kila tani ya asidi ya laktiki huacha takriban tani nzima ya jasi ambayo mara nyingi haina mnunuzi.

Ijumaa, nikiyasubiri matabaka yatulie, kero hiyo iligeuka furaha, kwa maana niliona kwamba mzee alikuwa amegusa kiini cha kazi yenyewe. Amini inayoishika asidi kwa nguvu hung'ara katika hatua ya kwanza, ya kuitoa majini, na nguvu hiyohiyo huizuia asidi kutoka katika hatua ya pili, ya kuirudisha. Kushikana kwao hutoa joto, ndiyo maana kupasha moto hulegeza kifungo. Naamini kabisa kwamba anayetangaza asilimia ya asidi iliyotolewa katika hatua ya kwanza pekee ametueleza nusu ya habari. Jumapili nitampigia Baba Mdogo nimwambie hivyo.

Kinachonisumbua sasa ni bakteria wanaoitengeneza asidi hii kwenye majimaji. Amini hii huishika asidi ambayo haijatengana kuwa ioni (chembe zenye chaji), na pH, kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua, ikishapita 3.86 zaidi ya nusu ya asidi ya laktiki huwa imetengana, ilhali bakteria wetu hustawi karibu na 6, ambako amini hubakiwa na asidi kidogo ya kushika. Tena nikiyarudisha kwao majimaji yaliyobaki, oktanoli kidogo iliyoyeyuka humo huwadhuru, na bado sijachagua kiyeyusho cha kuiweka badala yake.