Nilivyomwita Akhwari "plucky"

Kazi yangu hapa Arusha ni kuandikia wageni. Kampuni inapeleka watu mbugani, mimi nawaandalia vimakala vya Kiingereza vya kusoma kabla hawajapanda ndege. Mwaka juzi nikaambiwa niandike kuhusu Mbulu, na huwezi kuandika Mbulu ukamruka John Stephen Akhwari.

Kisa chenyewe wengi tunakijua. Mexico City, 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Akhwari akaanguka njiani, goti likaumia vibaya, bega nalo likapiga lami. Wakamfunga bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza linaingia, watazamaji wengi wameshajiondokea, yeye wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko akaanze mbio, ilimtuma akamalize.

Mimi nikaandika: "the plucky Tanzanian". Neno nilikuwa nimelikuta kwenye magazeti ya Uingereza, kamusi ikaniambia ni jasiri, asiyekata tamaa, nikaona nimepatia. Hata mdomoni lilinikaa vizuri, linadunda kama mpira.

Anayetuhariria ni mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, amekaa Moshi miaka mingi na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baadhi yetu. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huyu Akhwari ni mtoto?"

"Hapana mama, ni mzee wetu yule."

"Ni kambwa kadogo?"

Nikanyamaza.

"Basi hilo neno litoe," akasema, akakata simu.

Sitaficha, nilinuna. Nikasema nitamwonyesha. Kwa wiki kama mbili, kila nilipokutana na plucky nikainakili sentensi nzima kwenye daftari, na pembeni nikaandika anayeitwa hivyo ni nani. Timu ya daraja la chini iliyofungwa kwa taabu na timu kubwa. Mtoto aliyelazwa. Eddie the Eagle, yule Mwingereza aliyeshika mkia kwenye kuruka kwa skii Olimpiki ya Calgary mwaka 1988, Waingereza wakampenda hivyo hivyo. Paka wa miguu mitatu. Jenerali hata mmoja sikumpata, wala waziri mkuu, wala mtu aliyejiita hivyo mwenyewe.

Kilichonifungua macho hakikuwa kamusi, kilikuwa Kiswahili. Tukisema "yule ana moyo" ni jambo moja. Tukisema "kile kitoto kina moyo" ni jingine. La pili lina tabasamu ndani, na msemaji yuko juu anatazama chini. Kiingereza hakina ngeli ya kuonyesha hivyo, kwa hiyo udogo kimeuficha tumboni mwa neno lenyewe. Plucky ina ki- ndani yake. Nilikuwa nimemwita Akhwari kijasiri. Jaribu kumwita mzee kijasiri mbele ya wajukuu zake uone.

Na tumboni si kwa mfano tu. Pluck ni neno la machinjioni: moyo, maini na mapafu, vile vinavyong'olewa kwa pamoja mnyama akishachinjwa. Waskoti mpaka leo wanapikia chakula chao kiitwacho haggis kwa pluck ya kondoo. Katika karne ya 18 watu wa ndondi Uingereza wakaanza kulitumia kwa ushupavu, kwamba bondia fulani vitu vimo ndani. Hapo nilifurahi peke yangu, maana sisi nasi hupiga moyo konde, na konde si ngumi?

Ndugu zake plucky, maneno ya maana hiyo hiyo, wana matatizo yao. Feisty, la Kimarekani, limetokana na jina la kijibwa chenye kelele, na wanawake wengi wakiitwa hivyo hawafurahi, nimeachana nalo. Spunky Wamarekani wanalitumia bila wasiwasi, ila Uingereza shina lake lina maana ya chumbani ambayo sitaiandika hapa. Nilipomuuliza mama alicheka mpaka akakohoa. Gutsy, la utumbo, ndilo limebaki mkononi mwangu kwa watu wazima: halimdogoshi mtu, ingawa kwenye barua ya kiofisi silithubutu.

Akhwari je? Nilijaribu brave, nikajaribu courageous, heroic, zote zikawa kama maua ya plastiki juu ya meza ya hoteli. Mwisho nikafuta kivumishi, nikaacha bandeji, kuchechemea, na uwanja uliobaki nusu tupu. Mama hakugusa kitu.

Plucky yenyewe sikuitupa. Mjomba ana Suzuki ya zamani, rangi haijulikani tena, mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu. Siku tuliyokwenda Mbulu kulikuwa na tope, na Land Cruiser mbili tulizipita zimelala pembeni ya mlima. Ile Suzuki ikapanda. Inakoroma, inarudi nyuma hatua moja, inapanda mbili, mjomba anaibembeleza kwa kugonga dashibodi, "haya mama, haya mama". Kichwani kwangu nikaiandika kwanza kwa Kiswahili: kigari kile kina moyo. Haikumtukana mtu. Basi nikaandika "our plucky little Suzuki" na kutuma.

Ilirudi kesho yake. Plucky imebaki, little imefutwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mama ameandika kwa Kiswahili: "Udogo umo tayari."