Vile nilipitisha maharagwe yangu Kasumbalesa kwa karatasi ya COMESA

Kwanza niseme kinachonikasirisha. Hapa Lubumbashi kila mtu ana ushauri wake juu ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, na mwingi ni wa kupoteza watu makuta (pesa). Huyu anakwambia wape vijana wa baiskeli gunia lako wapite porini usiku. Yule anakwambia tafuta komisioneri (wakala wa mpakani), mpe tu pesa, usiulize. Halafu kuna wale wajuaji wanaosema COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) imeshakufa, siku hizi sisi ni wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki). Jamani! Kongo iliingia EAC mwaka 2022, ni kweli, na ninafurahi sana kwa ajili ya ndugu zetu wa Goma na Bukavu, lakini Zambia haimo EAC, sasa ukifika Kasumbalesa na hiyo EAC yako itakusaidia nini? Sisi na Zambia tunakutana ndani ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na ndani ya COMESA, na karatasi inayomsaidia mama mwenye magunia machache ni ya COMESA, ambayo makao yake makuu yako hapo tu Lusaka.

Mpango wenyewe ni wa wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Mzigo uwe na thamani ndogo (kiwango kilianza na dola 500, baadaye kikapandishwa), bidhaa iwe kwenye orodha ambayo nchi mbili zimekubaliana, na iwe imezalishwa ndani ya nchi za COMESA. Hapo unapata cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani na ushuru wa forodha unaondoka. Ushuru wa forodha tu, nisikilizeni vizuri. Ada nyingine na mambo ya afya ya mimea yanabaki, kwa hiyo anayekwambia utapita bila kutoa hata franka anakudanganya.

Maharagwe nilinunua upande wa Zambia, Chililabombwe, kwa wakulima wenyewe. Ukienda depo unaweza kuuziwa mali iliyotoka Afrika Kusini, na Afrika Kusini haimo COMESA, cheti hupati hata ulie. Uliza mali imelimwa wapi kabla hujatoa makuta.

Pale mpakani kuna dawati la habari za biashara, kazi yao ni kutusaidia wadogo kujaza fomu, na ni bure. Kasumbalesa ni moja ya mipaka mitano iliyowekwa kwenye mradi wa COMESA uliolipiwa na Umoja wa Ulaya, euro milioni 15, kwa ajili ya biashara ndogo hii hii yetu. Dada niliyemkuta anaongea Kibemba na Kiswahili, alinijazia haraka, nikapigiwa muhuri, basi.

Sasa kazi ilikuwa upande wetu, na hapa njo ninajivunia. Kabla ya kuondoka nyumbani nilipiga fotokopi za dekreti (amri ya serikali) namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002, ile inayosema ni servisi gani zina ruhusa ya kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo. Ni nne: duane, yaani forodha (wakati ule iliitwa OFIDA, leo ni DGDA), OCC ya ukaguzi wa bidhaa, DGM ya uhamiaji, na usafi wa mipakani. Nne tu! Nikapigia mstari majina kwa kalamu nyekundu, nikaweka fotokopi moja juu ya gunia. Wale wenye haki nikamalizana nao vizuri na risiti zangu ninazo. Kisha akaja papa mmoja na kijitabu cha risiti, jaketi safi, sauti ya mkubwa.

"Mama, na yetu?"

"Ndiyo papa. Unatumika mu servisi gani kati ya hizi ine?"

Akasoma. Akasoma tena. Akasema yeye ni wa taksi (kodi) ya hapa. Nikamwambia kwa heshima yote, sawa papa, nitalipa, uniandikie tu hapa jina ya servisi yako na namba ya sheria, juu COMESA, EAC na SADC wana mfumo mmoja wa kupokea malalamiko ya vikwazo vya mpakani na yule dada wa dawati anajua kuujaza. Akafunga kijitabu. Wengine waliokuwa wanakuja nyuma yake nao wakageuka kwenda kwenye malori. Usipige kelele, usitukane, simama tu na karatasi yako na tabasamu.

Nilichookoa siku ile kilitosha nauli ya kurudi na bado kikabaki cha kununua unga. Na sisemi kwa faida yangu peke yangu. Agosti 2024 Kongo ilikataza bia na vinywaji baridi vya kutoka nje, Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na ijapokuwa ilikuwa siku chache tu, sisi tunaokula bukari (ugali) ya mahindi ya Zambia tuliogopa kweli. Mawaziri wakikaa mezani mapema, mambo kama yale hayafiki huko.

Ndiyo maana chama chetu cha wamama sasa kinaandika barua kwa pande zote mbili: orodha ya bidhaa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kibemba, si Kifaransa na Kiingereza tu, na siku nchi mbili zitakapokaa kuirekebisha, mmoja wetu awepo chumbani. Mwenye kutaka kutia sahihi anitafute, na fotokopi za dekreti ninazo bado.