Kabla ya kulipa, jifanye unadai: bima zinazopandia mgongo wa manunuzi mengine

Bima nyingi siku hizi haziuzwi na mtu wa bima. Zinakuja zimepanda mgongoni mwa kitu kingine: simu mpya, tiketi ya ndege, mkopo wa kwenye simu, muda wa maongezi, kadi ya benki, teksi iliyoitwa kwa programu. Mnunuzi anataka kumaliza malipo aondoke, na bima inamsubiri hapo hapo na kisanduku chake cha kuweka tiki, pamoja na sentensi moja ya kumtia hofu endapo atakataa.

Zipo nzuri. Nyingine ni nafuu kuliko bima ya kununua peke yake, kwa kuwa gharama ya kumtafuta mteja imeshabebwa na biashara nyingine. Shida ni kwamba anayekuuzia anaangalia zaidi kamisheni kuliko fidia. Nchini Uingereza, mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha, FCA, ilieleza mwaka 2023 kuhusu bima ya GAP, ile inayoziba pengo kati ya bei uliyonunulia gari na thamani yake siku linapoibwa au kuharibika kabisa. Katika ada zote zilizolipwa, asilimia 6 tu ndizo zilizorudi kwa wateja kama fidia, na kamisheni kwa baadhi ya wauzaji ilifika asilimia 70. Mwanzoni mwa 2024 kampuni kadhaa zilikubali kusimamisha mauzo yake kwa muda.

Namna bora ya kuipima bima ya aina hii ni kulifanyia dai mazoezi kabla hujalipa. Chukulia kuwa hasara imeshatokea jana. Nani wa kupigiwa? Nionyeshe nini? Nilipwe kiasi gani? Na hela ziingie mfukoni mwa nani? Maswali manne, na mara nyingi la kwanza tu linatosha kukuonyesha uozo.

Anza na nani. Nembo unayoiona kwenye skrini ni ya duka au ya kampuni ya simu, wakati anayelipa fidia ni kampuni ya bima ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Litafute, kisha likague kwenye orodha ya kampuni zenye leseni kwa msimamizi wa bima wa nchi husika. Kama hakuna jina la kampuni ya bima popote, huenda unachouziwa si bima kabisa. "Ulinzi wa kifurushi" unapoagiza mzigo mtandaoni na "waranti ya nyongeza" mara nyingi ni ahadi ya muuzaji tu. Akifunga duka, ahadi imefungwa naye, na msimamizi wa bima hana la kukusaidia.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: katika mipango mingi mwenye mkataba wa bima ni jukwaa lenyewe, yaani duka au kampuni ya simu iliyokuuzia, nawe ni jina moja kati ya maelfu ndani ya mkataba wa kundi. Hao wakubwa wakigombana, kinga yako inakufa bila wewe kuulizwa. Zimbabwe ilishuhudia hilo mwaka 2011. Bima ya maisha iliyokuwa ikitolewa kupitia muda wa maongezi, iliyoanza mwaka uliotangulia na kuandikisha watu zaidi ya milioni moja, ilisitishwa ghafla baada ya washirika wa mradi kutofautiana. Kwa hiyo tafuta kifungu kinachosema utajulishwa siku ngapi kabla ya kinga kukoma.

Swali la pili, la ushahidi, ndiko madai mengi yanakofia. Chukua simu. Wakataji bima hudhani "kuibiwa" na "kupotea" ni kitu kimoja, lakini mikataba mingi inalipia wizi na kukataa upotevu, na mingine inataka wizi uwe wa kutumia nguvu au wa kuvunja mlango. Simu iliyochomolewa mfukoni kimya kimya inaweza isihesabike. Hasara ikitokea, mkataba hukupa muda maalumu wa kutoa taarifa polisi na wa kuiarifu kampuni. Mara nyingi ni saa au siku chache. Tafuta idadi hiyo na uiandike mahali, maana ukichelewa, kuibiwa kwako kunaweza kuwa kweli tupu na bado dai likatupwa.

Siku unaponunua simu, bonyeza *#06#, piga picha ya namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inayojitokeza, uihifadhi nje ya simu hiyo pamoja na risiti. Kisha ilinganishe na namba iliyoandikwa kwenye cheti cha bima. Muuzaji akikosea tarakimu moja, simu iliyokatiwa bima si ya kwako. Ukibadilishiwa simu ndani ya waranti, IMEI inabadilika, na bima haiifuati simu mpya mpaka utoe taarifa. Kioo kikipasuka, usikimbilie kwa fundi wa jirani: kutengeneza kabla ya kibali ni sababu ya kawaida ya kunyimwa, na kuitupa ile mbovu ni sababu nyingine. Kabla ya kuikabidhi, zima kifungio cha kuitafuta simu ikipotea, la sivyo itarudishwa bila kuguswa.

Kwenye bima inayotokana na muda wa maongezi, ushahidi unaosumbua ni jina. Laini imesajiliwa kwa jina la ndugu, anayeitumia ni mwingine, na aliyefariki ndiye mtumiaji. Kwa kampuni ya bima, aliyekatiwa bima yu hai. Tena kiwango cha kinga mara nyingi hutegemea ulivyotumia mwezi uliopita, kwa hiyo mwezi wa matumizi madogo hushusha kinga ya mwezi unaofuata, au kuifuta kabisa. Sajili mrithi wa fidia kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho chake, umwambie pia kwamba bima ipo. Fidia isiyojulikana haidaiwi.

Swali la tatu ni la hesabu. Tuseme simu ina thamani ya 100, ada ya bima ni 1.5 kwa mwezi, na inaibwa mwezi wa kumi na nane. Umeshalipa 27. Mkataba unakata asilimia 30 kwa uchakavu, inabaki 70. Halafu kuna sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, tuseme 20. Unapokea 50. Yaani umetoa 27 kwa ajili ya kinga ya 50, si ya 100 iliyokuwa kwenye tangazo. Ingekuwa na faida kihesabu kama uwezekano wa kuibiwa katika muda huo ungezidi nusu. Wengine hawatoi pesa bali simu iliyokarabatiwa, na hilo nalo limeandikwa. Binafsi naona bima ya kitu ambacho ungeweza kukinunua tena kwa akiba ya miezi michache haina haja. Bima ni ya hasara inayoweza kukuangusha.

Bima ya safari inayotokea ukikata tiketi ina ugonjwa wake. Kughairi safari hulipiwa kwa sababu zilizoorodheshwa tu, kama vile maradhi au msiba wa ndugu wa karibu. Kubadili nia hakumo. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kukata bima huachwa nje usipoutaja, na dhoruba au mgomo uliokwisha kutangazwa siku unanunua hauhesabiki tena kuwa ajali ya ghafla. Bima iliyo ndani ya kadi ya benki, kwa upande wake, mara nyingi huamka pale tu tiketi yote inapolipiwa kwa kadi hiyo. Ukilipa nusu kwa pointi na nusu taslimu, unaweza kuwa huna kitu.

Inayopendeza kuliko zote ni ile inayolipa kwa kipimo badala ya dai: ndege ikichelewa zaidi ya muda uliotajwa, takwimu za safari zinathibitisha na malipo yanaingia yenyewe. Kampuni ya bima ya AXA ilijaribu mfumo wa namna hiyo mwaka 2017 kwa jina la Fizzy, wenye kulipa ucheleweshaji ukizidi saa 2, na ikaufunga mwaka 2019. Udhaifu wake ni kwamba kipimo hakijui hasara yako: dakika 119 ni sifuri, hata kama umekosa ndege ya kuunganisha.

Swali la nne, nani anapokea, ni la mikopo. Bima ya mkopo humlipa mkopeshaji salio lililobaki. Familia inapona deni, basi. Usihesabu kuwa imeachiwa urithi. Ada yake ikilipwa yote mwanzoni huongezwa kwenye mkopo, nawe unailipia riba hadi mwisho. Ukimaliza deni mapema, omba kwa maandishi urudishiwe ada ya miezi isiyotumika, kwa kuwa wengi hawarudishi wasipoombwa. Ukiongeza mkopo juu ya mkopo, angalia kama ada haijakatwa upya kwa deni lile lile. Sakata kubwa kuliko zote la aina hii ni la PPI, Uingereza: bima ya kulipia mkopo ikauzwa hata kwa waliojiajiri, ambao masharti yenyewe yaliwazuia kudai. Hadi dirisha la malalamiko linafungwa tarehe 29 Agosti 2019 na hesabu kukamilika, waliouza walirudisha zaidi ya pauni bilioni 38.

Sheria zimeanza kuzibana mbinu hizi. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2011 yaliyoanza kutumika Juni 2014, ulipiga marufuku malipo ya ziada kupitia visanduku vilivyokwisha wekwa tiki. Ukitozwa hivyo, una haki ya kurudishiwa. Australia, tangu Oktoba 2021, bima nyingi za nyongeza haziruhusiwi kuuzwa mpaka zipite siku 4 baada ya bidhaa kuu. Hata pasipo sheria hiyo unaweza kujiwekea siku 4 zako.

Ukiwa umeshanunua, angalia muda wa kutengua. Kwa bima iliyouzwa mtandaoni, kanuni za Ulaya hutoa siku 14, isipokuwa bima fupi za safari za chini ya mwezi mmoja. Tengua kwa ujumbe unaobaki na rekodi. Dai likikataliwa, usikubali jibu la mdomo: omba barua inayotaja kifungu, kisome mwenyewe kama kinasema wanachodai, kisha andika malalamiko kwa kampuni ya bima yenyewe kabla ya kwenda kwa msimamizi.

Na kufuta programu kwenye simu hakusitishi bima. Makato ya kila mwezi yanaendelea mpaka uyakatishe kwenye akaunti au benki, kwa hiyo pitia taarifa ya malipo ya miezi mitatu iliyopita ukitafuta kiasi kidogo kinachojirudia tarehe ile ile.