Filamu za Mbali Zinazomwelea Mtu wa Tanga

Maduka ya muvi ya Ngamiani, hapa Tanga, pale tunapokwenda kujaziwa flashi, yana hazina ileile mwaka hadi mwaka: za Kimarekani zenye milipuko, za Kihindi, tamthilia za Kikorea na za Kituruki, na zile ambazo ma-DJ wamezitia sauti ya Kiswahili pamoja na mizaha yao wenyewe. Sina ugomvi nazo. Ila zipo filamu nyingine, zilizotengenezwa kwa fedha chache katika nchi ambazo hatuna mazoea ya kutazama kazi zake, ambazo mwenye duka haziweki kwa kuwa hakuna anayeziulizia, na hakuna anayeziulizia kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba zipo. Zimepewa sifa ya ugumu, zikaachiwa wasomi na watu wa matamasha. Mimi nashikilia kwamba mtu wa mwambao huu huzielewa upesi kuliko wengi wanaozisifia, maana yanayotendeka humo ni mambo ya uani, ya chuo cha Qur'ani na ya viatu vya shule.

Ya kwanza kwangu ni Wadjda ya mwaka 2012, iliyoandikwa na kuongozwa na Haifaa al-Mansour. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia, wakati ambapo kumbi za sinema za nchi hiyo zilikuwa zimefungwa kwa miongo kadhaa, na hazikufunguliwa tena hadi mwaka 2018. Kwa kuwa mwongozaji ni mwanamke, katika baadhi ya mitaa ya Riyadh alilazimika kujificha ndani ya gari na kuwaelekeza wanaume wa kikosi chake kwa redio ya upepo. Hadithi yenyewe ni nyepesi: binti mdogo, Wadjda, ameipenda baiskeli ya kijani iliyo dukani, anataka ashindane na rafiki yake Abdullah, bei yake ni riyali 800, na mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo, basi binti anajiandikisha katika mashindano ya Qur'ani ya shuleni ili apate fedha za zawadi. Katika mji huu wa baiskeli, ambako mashindano ya kuhifadhi na kusoma Qur'ani yanahudhuriwa na mtaa mzima, hadithi hiyo haihitaji mkalimani.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa msomaji akiangalie kwa makini. Ukutani nyumbani kwao umetundikwa mti wa ukoo wa baba, wenye majina ya wanaume peke yao. Wadjda anaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi na kukibana hapo kwa kibanio cha nywele, chini ya jina la baba yake. Baadaye anakikuta kimebanduliwa. Hakuna anayepiga kelele wala anayelia, na muziki haukupandishwa ili tujue kwamba tunapaswa kuumia. Sisi wenye shajara za ukoo zilizokunjwa makabatini, tunaojua nani anatajwa humo na nani hatajwi, tunaelewa pale pale. Wapo wanaoiona filamu hii kuwa shambulio dhidi ya dini, nami sikubaliani nao, kwa sababu malalamiko yake ni ya watu wa nyumba moja, hasa mama ambaye mume anatafutiwa mke wa pili ili apate mtoto wa kiume, na mama huyo hakufanywa mjinga hata mara moja.

Bamako ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2006, inataka subira zaidi. Ua wa nyumba ya baba yake, katika mji mkuu wa Mali, umegeuzwa mahakama, na humo Waafrika wanaishtaki Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mawakili na majaji ni watu wa sheria kwelikweli, lakini maisha ya ua hayakusimama kwa ajili yao: wanawake wanatia vitambaa rangi katika mabeseni, mwimbaji anayeitwa Melé anataka afungwe gauni mgongoni, na harusi inapita katikati ya kesi. Wazazi wetu, walioishi miaka ambayo Mwalimu Nyerere alivutana na Shirika hilo na kisha serikali ya Rais Mwinyi ikaafikiana nalo mwaka 1986, watafuata hoja zote bila kueleweshwa. Hotuba ni ndefu, nyingine ndefu kupita kiasi. Lakini usiizime, kwa ajili ya mkulima mmoja mzee ambaye mwanzoni anaambiwa asubiri zamu yake, na baadaye anainuka na kuutoa ushahidi wake kwa kughani. Sissako hakuweka maandishi yoyote ya tafsiri hapo. Katika mji wa Shaaban Robert, ambako watu bado wanajua shairi husikika kwa sauti yake kabla ya maneno yake, sidhani kama kuna atakayelalamika.

Kwa habari ya maandishi ya tafsiri, najua ndicho kikwazo kikubwa, kwani mengi ni ya Kiingereza na hupita haraka. Dawa ni ileile tunayotumia nyumbani kwa barua za benki: anayejua asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kwa kuanzia, Children of Heaven ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997, ina maneno machache na watoto wataifuata wenyewe. Ali amepoteza viatu vya dada yake Zahra, kwa hiyo wanagawana jozi moja, dada asubuhi na kaka mchana, na wanabadilishana kichochoroni huku wakikimbizana na kengele ya shule.

Wanaotaka Kiswahili kitupu waitafute Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni aibu kwamba wengi tuliisoma riwaya kwa ajili ya mtihani na hatujaitazama filamu, ambayo Unguja yake ya usiku, yenye vivuli na taarabu, inastahili kioo kikubwa kuliko cha simu.

Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, naiacha mwisho kwa makusudi. Vijana wa bodaboda wataipenda pikipiki ya Mory, iliyofungwa pembe za ng'ombe usukanini, na kila aliyewahi kuota kuzamia Ulaya atamjua Mory mwenyewe. Lakini mkato wake wa picha ni wa kurukaruka, na machinjio ya ng'ombe yanaonyeshwa waziwazi tangu mwanzoni, kwa hiyo isiwekwe wakati sahani ziko mkekani.