Kumbukumbu ya mradi: paa la asbesto limeshuka, kuta bado

Majibu ya maabara ya vipimo vya asbesto kwenye nyumba ninayoikarabati yametoka. Mabati ya saruji ya paa yana krisotaili, ile asbesto nyeupe, kama nilivyotarajia. Dari iko safi. Kilichonishangaza ni sakafu ya jikoni: vigae vya plastiki vyenyewe havina kitu, ila gundi nyeusi ya lami iliyo chini yake inayo. Bila kupima, mtu angeikwangua kavu tu.

Kwa hiyo sakafu haiguswi. Vigae vimeshika vizuri, havijapasuka, tutaweka sakafu mpya juu yake na nimeshaandika kwenye ramani ya nyumba kilichofunikwa. Asbesto iliyo nzima na isiyotoa vumbi mara nyingi ni heri kuiacha ilipo.

Paa ndilo halikuwa na njia nyingine, maana kenchi zimeliwa na mchwa. Nilihakikisha kwanza kwamba sheria inaruhusu mtu asiye na leseni kushusha mabati ya aina hii. Si kila mahali inaruhusu. Fundi alitaka kupanda na grinda. "Bosi, mimi hizi nimekata miaka yote, mbona nipo?" Ndiyo shida yenyewe, fundi: nyuzi za asbesto unazivuta na hukohoi, halafu mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, inakuja kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Alinung'unika, lakini alinyoa ndevu ili barakoa ya P3, ile ya kuchuja vumbi laini kabisa, imbane usoni. Ile ya kitambaa haizuii chochote hapa.

Tulilowesha mabati kwa bomba la kupulizia, maji yakiwa na matone ya sabuni ili yapenye badala ya kuteleza. Bolti zilifunguliwa kwa spana, zenye kutu zikakatwa shingoni bila kugusa bati. Kila bati lilishushwa zima, mkono kwa mkono, likafungwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa ASBESTO. Vipande vidogo viliokotwa kwa kitambaa kibichi, ufagio marufuku. Ovaroli za kutupa zilifungwa humo humo, hakuna aliyerudi nazo nyumbani kwa watoto.

Limebaki bomba la maji moto nyuma ya jiko. Limevikwa kitu cheupe kinachomeguka kwa kidole, huenda nacho ni asbesto, na hicho sikigusi hata kikilowa. Nimefunga mlango na kuziba nyufa kwa utepe. Wenye leseni wakishamaliza humo, ndipo tutavunja kuta.