Mdogo wangu karudi shule leo

Jamani leo nimelia mbele za watu.

Nimetoka kumwandikisha mdogo wangu kwenye ule mpango wa SEQUIP wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wa mabinti walioishia njiani sekondari. Bure kabisa, na fomu wani mpaka fomu foo unapiga miaka miwili.

Huyu 2019 alikuwa fomu tuu, wakampima mkojo, kesho yake huyo karudi nyumbani na begi. Enzi zile ukipata mimba ndo basi tena.

Hela zenyewe ni za Benki ya Dunia, dola milioni 500, zilipita 2020 baada ya mvutano mrefu kuhusu hawa hawa wasichana, na Novemba 2021 serikali ikaruhusu warudi hata shule za kawaida. Na ni mkopo eh, watu mnasema msaada msaada, tutalipa wote.

Sasa kwenye fomu kuna sehemu ya elimu uliyofikia. Akaandika "kidato cha", akaganda. Peni hewani. Mwanae yuko mgongoni kwangu anavuta hereni. Nikamwambia, andika, mama. Akaandika "pili" kadogooo, halafu akarudia juu yake akaikoleza mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Njiani ananiuliza, dada, zile logi za hesabu bado zipo? 😂

Mwenye vitabu vya fomu wani na tuu aniambie. Na mliosoma huku, mtoto mlikuwa mnamwacha na nani?