Hanesi nyingi zinafia chini, si juu ya mnara

Ukitaka kujua kama kampuni ya minara ya simu inawajali mafundi wake, usiangalie kofia. Angalia nyuma ya pikapu, uone hanesi, ile mikanda ya mwilini inayomdaka fundi akianguka, zimewekwa wapi.

Mimi nimeshakuta hanesi mpya, kanda zake bado zinang'aa, imetupwa juu ya betri chakavu tulizotoa saiti. Betri zile ni za asidi, na asidi na nailoni haviivani. Inadondoka, inakauka, humwoni wa kumlaumu, ila nyuzi zinaendelea kuliwa taratibu. Kanda za poliesta zinaivumilia asidi zaidi, lakini nazo zina adui wao: alkali kali, kama kostiki ya kutengenezea sabuni. Ndiyo maana hanesi zangu zinasafiri mbele, ndani ya begi lake, hata dereva anune.

Kabla ya kuvaa, ukaguzi naufanya kwa vidole kuliko macho. Nashika ukanda kwa mikono miwili, nikiacha kama shubiri moja katikati, naukunja mgongo uwe juu, kisha nausogeza kidogo kidogo mpaka mwisho wake. Ukikunjwa hivyo, nyuzi zilizokatika zinasimama kama vinyweleo. Ukiwa umenyooka, utaapa ni mzima. Kipande kigumu kuliko vingine kimeungua au kimelowa kemikali; kilichopauka kimekaa juani mno. Mishono ya hanesi nyingi ina uzi wa rangi tofauti na ukanda. Si urembo ule, ni ili uzi ulioachia ujitangaze wenyewe.

Halafu kuna rangi. Minara yetu mingi ni nyekundu na nyeupe ili marubani waione, na wanaoipaka hushuka na madoa kila mahali. Doa likikauka linafunika nyuzi, huwezi tena kuzikagua. Anayekuja kulitoa kwa thina ya kusafishia brashi anaharibu zaidi. Heri doa.

Kulabu: lazima zidai miondoko miwili ndipo zifunguke, na zikiachiwa zijifunge zenyewe mpaka mwisho. Pwani, Tanga hasa, chumvi inazifanya zikwame hata kama hazijafanya kazi nyingi. Kufua ni maji yasiyozidi nyuzi joto 40 na sabuni laini, jiki marufuku, kisha unaanika kivulini. Wapo wanaofua vizuri kabisa halafu wanaitundika kwenye fensi, jua la saa sita. Lebo nayo ikifutika, ukashindwa kusoma namba na mwaka wa kutengenezwa, hanesi hiyo haipandi. Viwango vya Ulaya vinataka mtu mwenye ujuzi aikague angalau kila miezi 12, lakini hilo halikuondolei ukaguzi wako wa asubuhi.

Vijana wengi wanadhani kujifunga popote ni kujifunga. Piga hesabu: lanyadi, ile kamba fupi ya kukuunga na mnara, mita 2, kifyonza mshtuko kinaweza kufunguka kwa mita 1.75, mwili wako chini ya pete ya mgongoni kama mita 1.5, ongeza mita 1 ya akiba. Hiyo ni zaidi ya mita 6 kutoka uliponasa kulabu. Ukinasa usawa wa miguu ukiwa mita 4 juu, utafika chini kabla lanyadi haijamaliza kazi yake. Nasa juu ya kichwa. Na aliyedakwa akabaki ananing'inia bado yuko hatarini, maana damu inatuama miguuni. Kamba ya kumshushia na mtu anayejua kuitumia viwe pale pale saiti. Kungoja Zimamoto watoke mjini si mpango.

Hanesi iliyodaka mtu imestaafu, hata ionekane mpya. Juzi nilikuwa naikata moja kwa kisu, kijana wetu akanisogelea.

"Kaka, si unipe tu nikafungie mizigo kwenye bodaboda?"

"Nzima sikupi, dogo. Kesho nitamkuta nayo fundi wa mapaa."

Nikakata kanda zote za mapaja na mabega, akachukua vipande vyake akafurahi. Pete na lebo nikabaki nazo, na kwenye daftari la vifaa nikaandika mbele ya namba yake: imekatwa.